Nini, Wapi, Lini: wazo la Oslo lililofika kwenye vitabu vya MTUHA

Mwisho wa mwezi ukipita kwenye zahanati yoyote ya hapa Arusha, iwe huku kwetu Engutoto au kule juu kwenye mteremko wa Mlima Meru, utamkuta mhudumu ameinamia vitabu vikubwa vya karatasi, kalamu mkononi. Hivyo ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 12 ni cha wodi ya wazazi. Anahesabu mistari: wangapi walikuja na malaria, wangapi wana umri chini ya miaka mitano, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Jumla zinaandikwa kwenye fomu, na mwishowe zinaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa nchi nzima.

Ukitazama harakaharaka utasema hii ni kazi ya kujumlisha tu. Na mimi nilisema hivyohivyo.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka kumaliza shahada ya kwanza, mimi na mwenzangu tulikubali kuandika programu ndogo ya kujumlisha ripoti za kliniki moja binafsi. Chuoni tulifundishwa kwamba kila kitu cha dunia halisi kipewe klasi yake ndani ya programu. Basi tukatii. Kukawa na klasi ya malaria, klasi ya kuhara, klasi ya nimonia, kila moja na makundi yake ya umri ndani. Kwa miezi minne ilikwenda vizuri, hata tukaanza kujisifu. Kisha fomu ikabadilika: kundi moja la umri likagawanywa mara mbili. Tukafungua mafaili thelathini na kitu kurekebisha jambo lilelile, tukasahau mawili, na kwa miezi miwili kliniki ikatoa ripoti inayoonesha watoto wachanga wenye nimonia ni sifuri. Aliyegundua ni muuguzi mmoja, tena kwa kulinganisha na kitabu chake cha karatasi.

Sifuri ile bado inanisumbua. Watoto walikuwepo, waliumwa, walitibiwa, ila kwenye ripoti hawakuwepo. Na kinachouma zaidi, tulitumia njia ambayo ilibuniwa kupunguza uchangamano, yaani hali ya mambo mengi kushikana hadi ukigusa moja linatikisika lingine. Ilikuwaje njia hiyo ikatuongezea? Ili kujibu, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi kwenye foleni ya malori na mabasi nchini Norway.

Foleni penye daraja

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kristen Nygaard alikuwa anafanya kazi kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norway, mjini Oslo. Kazi yake ilikuwa utafiti wa uendeshaji: kuiga kwa hesabu shughuli kama viwanda na foleni, ili kujua zitaendaje kabla ya kutumia fedha. Tatizo likawa lugha. Lugha za kompyuta za wakati ule zilijua namba na hatua za kufuata, lakini hazikuwa na namna nzuri ya kusema "huyu ni mteja, ana haraka, amesimama nyuma ya yule". Nygaard akaungana na Ole-Johan Dahl, na kufikia 1965 wakawa na lugha inayofanya kazi, Simula.

Hatua kubwa ilikuja baadaye kidogo. Mfano mmoja waliokuwa wakiuchezea ni daraja la kulipia lenye foleni ya magari, mengine malori, mengine mabasi. Lori na basi vinatofautiana, lakini penye foleni vyote ni magari tu: vinaingia nyuma, vinasubiri, vinatoka mbele. Kwa nini uandike msimbo wa foleni mara mbili? Wakaona kwamba yale yanayofanana yaandikwe mara moja kwenye klasi ya juu, kisha klasi za chini zirithi na kuongeza yao. Mwaka 1967 waliwasilisha wazo hilo kwenye mkutano wa Oslo, na lugha ya Simula 67 ikazaliwa. Humo tayari kuna klasi, kuna kitu kinachotengenezwa kutokana na klasi, na kuna kurithi.

Baada ya hapo mambo yalienda kasi. Alan Kay alikutana na Simula akiwa mwanafunzi Utah, Marekani, na mawazo yake yakazaa Smalltalk kwenye maabara ya Xerox PARC. Bjarne Stroustrup aliitumia Simula kwenye utafiti wake wa shahada ya uzamivu Cambridge, na mwaka 1979 akaanza kuiongezea lugha ya C klasi, kazi iliyokuja kuwa C++. Mwaka 1995 ikatoka Java. Kwa hiyo mwanafunzi wa Arusha anayeandika neno la kutangaza klasi kwenye Java anatumia wazo lililopikwa Oslo kwa ajili ya malori penye daraja.

Dirisha la dawa

Lakini klasi peke yake haitoshi. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwenye mkutano uliodhaminiwa na NATO, kuzungumzia kile walichokiita mgogoro wa programu: mifumo ilikuwa inachelewa, inazidi bajeti, na ikikamilika ina makosa. Kompyuta zilikuwa zimekua kuliko uwezo wa akili ya mtu mmoja kushika programu nzima.

Jibu ninalolipenda kuliko yote alilitoa David Parnas mwaka 1972. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, akaigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ambayo wengi tungeifuata: gawa kwa hatua. Soma data, panga, chapisha, kila hatua ni moduli. Njia ya pili ilikuwa tofauti. Alijiuliza kwanza: ni uamuzi gani kwenye programu hii una uwezekano wa kubadilika? Kisha kila uamuzi wa namna hiyo akaufungia ndani ya moduli moja, wengine wasiujue. Mfano, namna mistari inavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Kwenye mgawanyo wa kwanza, ukibadili uhifadhi unagusa karibu moduli zote. Kwenye wa pili, unagusa moja.

Fikiria dirisha la dawa hospitali. Unapeleka cheti, unapewa dawa na maelezo. Hujui rafu zimepangwaje ndani, na hutakiwi kujua. Wakiamua kesho kupanga dawa upya, wewe huhisi chochote. Dirisha ni ahadi, na rafu ni siri. Sasa chukulia wagonjwa wote wangeruhusiwa kuingia na kujichukulia kwa kukariri: "rafu ya tatu, kopo la pili kutoka kushoto". Siku rafu zikihamishwa, watu watakunywa dawa zisizo zao.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Makundi ya umri ndiyo yaliyokuwa na uwezekano mkubwa wa kubadilika, na sisi tukayatawanya kila mahali. Tulikuwa na klasi nyingi, siri hata moja hatukuwa nayo. Tulifuata umbo la dunia, hatukuuliza dunia hiyo itabadilikia wapi.

Nygaard anageukia wafanyakazi

Historia hii ina upande wa pili ambao vitabu vya programu mara nyingi vinauruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nygaard huyohuyo alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo wa kompyuta unabadilisha nani ana nguvu kazini, kwa hiyo wanaofanya kazi wanapaswa kuwa na sauti kwenye kuubuni. Mkondo huo wa ubunifu shirikishi ukaota mizizi Chuo Kikuu cha Oslo.

Kutoka kwenye mkondo huo, baada ya uchaguzi wa 1994 Afrika Kusini, watafiti wakiwemo Jørn Braa na Calle Hedberg walishirikiana na watu wa afya wa Cape Town kwenye mradi uliojulikana kama HISP. Ubaguzi ulikuwa umeacha mifumo ya afya vipandevipande, kila kipande na fomu zake. Walihitaji kitu ambacho wilaya ingeweza kukipanga yenyewe. Wakajenga DHIS, wakitumia Microsoft Access. Ilifanya kazi, ikasambaa hadi nchi nyingine, na kadiri ilivyosambaa ndivyo mipaka ya Access ilivyoonekana. Mwaka 2004 kazi ya kuiandika upya kwa Java ilianza Oslo, na matumizi ya kwanza ya DHIS2 yalikuwa jimbo la Kerala, India, mwaka 2006.

Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002. Hawakuiona DHIS2. Ila jengo la idara ya informatiki la chuo hicho linaitwa kwa jina la Dahl, na mfumo wenyewe umeandikwa kwa lugha inayotokana na mawazo yao.

Mwaka 2011 Kenya ilikamilisha kuueneza nchi nzima kupitia mtandao. Tanzania ilikuwa na timu yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikianzia majaribio mkoa wa Pwani, na kufikia mwishoni mwa 2013 mfumo ulikuwa umefika mikoa yote ya Bara. Zile jumla za vitabu vya MTUHA zinaishia humo.

Malaria si klasi

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo penye utamu. Ukifungua msimbo wa DHIS2 kutafuta klasi ya malaria, huikuti. Ya kuhara hakuna. Ya wajawazito hakuna. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea folda.

Kumbe wabunifu walijiuliza swali la Parnas: kwenye taarifa za afya, nini kinabadilika? Magonjwa yanayofuatiliwa yanabadilika. Fomu zinabadilika. Makundi ya umri yanabadilika. Mikoa na wilaya zinabadilika. Je, nini hakibadiliki? Kwamba kila namba kwenye fomu inajibu maswali matatu: nini, wapi, lini. Wagonjwa wapya wa malaria, zahanati fulani, mwezi Machi. Ukiwa na majibu hayo matatu, namba ina maana. Likikosekana moja, namba haina kazi.

Kwa hiyo klasi za msingi ni chache. Kuna elementi ya data, ambayo ni "nini". Kuna kituo au ngazi ya utawala, ambayo ni "wapi". Kuna kipindi, ambacho ni "lini". Malaria ni kitu kimoja kilichotengenezwa kutokana na klasi ya elementi ya data, na kuhara ni kitu kingine cha klasi hiyohiyo. Umri na jinsia ni kategoria zinazobandikwa kwa nje, nazo ni vitu tu ndani ya hifadhidata. Wizara ikiongeza ugonjwa, mtu wa takwimu anaingia, anaujaza, anahifadhi. Hakuna programu inayoandikwa upya.

Faida yake ilionekana wazi mapema mwaka 2020. Sri Lanka ilitumia DHIS2 kuwafuatilia wasafiri wanaoingia nchini wakati uviko ndio kwanza unaanza kusambaa duniani. Ugonjwa ambao haukuwa na jina mfumo ulipobuniwa uliingia mle kama data, kwa sababu mfumo haukuwahi kukariri majina ya magonjwa.

Upande wa "wapi" sisi wa Arusha tunauelewa vizuri. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha. Baadaye Arumeru ikagawanywa, tukawa na Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru. Programu iliyoandika "Arumeru" ndani ya msimbo sehemu hamsini ingekuwa na msiba. Kwenye DHIS2 maeneo yamepangwa kama mti: kituo kinamjua mzazi wake tu, mzazi anamjua wake, hadi taifa. Wilaya ikigawanyika, unatengeneza tawi jipya na kuwaelekeza watoto kwa mzazi mpya. Hesabu za jumla zinapanda zenyewe kupitia matawi.

Muuguzi ambaye pia ni mgonjwa

Kuna somo la pili, nalo linatoka kwa majirani. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Microsoft Access, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Huduma za virusi vya ukimwi zilipopanuka, mfumo ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret, na kutokana na ziara ile ikaanza OpenMRS, kwa Java, ambayo mwaka 2006 ilianza kutumika hukohuko Eldoret na pia Rwanda.

OpenMRS nayo ilikataa kukariri magonjwa: ina kamusi ya dhana, na kila kipimo au jibu la mgonjwa ni uchunguzi unaoelekeza kwenye dhana mojawapo. Lakini ninachotaka kukionesha ni kosa dogo la kurithi. Ndani yake kuna klasi ya Mtu. Klasi ya Mgonjwa inarithi kutoka kwa Mtu, na matoleo ya mwanzo klasi ya Mtumiaji wa mfumo nayo ilirithi kutoka kwa Mtu. Inaonekana sawa kabisa. Mgonjwa ni mtu, muuguzi anayeingia kwenye mfumo ni mtu.

Tatizo ni kwamba muuguzi naye huumwa. Akija kutibiwa, yeye ni kitu gani? Daraja la Oslo halikuwa na shida hii, kwa sababu lori haligeuki kuwa basi jioni. Binadamu hugeuka. Baadaye OpenMRS ilibadilisha: Mtumiaji si aina ya Mtu tena, bali ni akaunti *yenye* mtu. Neno moja tu, kutoka "ni" kwenda "ana", lakini lilifungua fundo. Wabunifu wa siku hizi hushauri hivyo karibu kwa sauti moja: kabla ya kurithisha, jiulize kama hiki *ni* kile siku zote, au *kina* kile kwa muda. Kuwa mgonjwa ni hali, kuwa mtumiaji ni kazi. Kati ya vyote, "mtu" ndicho kisichobadilika.

Uchangamano hauyeyuki

Usije ukaondoka hapa ukidhani DHIS2 ni muujiza. Fred Brooks, kwenye insha yake ya mwaka 1986, alitenganisha ugumu wa aina mbili: ule ulio ndani ya jambo lenyewe, na ule tunaojiletea kwa zana na maamuzi yetu. Wa pili unaweza kuupunguza. Wa kwanza unauhamisha tu.

DHIS2 iliuhamisha kutoka kwenye msimbo kwenda kwenye usanidi. Sasa mtu wa takwimu ndiye mbunifu, hata kama hajioni hivyo. Watu wawili wakitengeneza elementi mbili za kitu kilekile kwa majina yaliyopishana kidogo, mfumo hautawakataza, na mwisho wa mwaka kila mmoja ana jumla yake. Pia, namba zikihifadhiwa moja moja kwa nini, wapi na lini, kuzikusanya kwa ripoti ya nchi nzima ni kazi nzito, ndiyo maana mfumo hutayarisha kwanza majedwali maalumu ya uchambuzi. Mti wa maeneo nao una bei yake. Ukihamishia kituo kwa mzazi mpya, data zake za zamani zinamfuata. Mkoa wa Songwe ulipotoka Mbeya mwaka 2016, mtu yeyote anayelinganisha Mbeya ya kabla na ya baada anapaswa kujua anaangalia mti wa lini. Aliyeiona ripoti tu, bila kujua hilo, anaweza kusema wagonjwa wamepungua kumbe ni mpaka umesogea.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mbunifu si "umeondoa uchangamano?" Muulize ameuweka wapi, na nani ameachiwa kuubeba. Nygaard angeliuliza hilo la pili kwanza. Likibebwa na mtaalamu mwenye muda na mafunzo, sawa. Likitupwa kwa mhudumu mmoja wa zahanati mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango, basi hatujarahisisha kitu, tumemtwisha mwingine.

Programu yetu ile niliiandika upya baadaye. Klasi thelathini na kitu zikawa tano, na makundi ya umri yakahamia kwenye jedwali moja ambalo yule muuguzi anaweza kulifungua na kulirekebisha mwenyewe. Tulikaa naye mchana mzima akinionesha jinsi anavyojaza kitabu chake, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza. Kabla sijaondoka alinieleza kwamba kila mwezi ataendelea kulinganisha jumla zetu na kitabu cha karatasi. Nikamwambia ndiyo, dada, tafadhali endelea.